Pikipiki Iliyofaulu kwa Niaba ya Taifa

Kuna nchi moja ambayo wasomaji hawaijui, na anayedhani anaijua anashauriwa adhani kimya kimya. Katika nchi hiyo pikipiki zilikuwa zinaanguka. Zilianguka kwenye kona, zilianguka kwenye mteremko, na baadhi zilianguka zikiwa zimeegeshwa. Serikali ikaunda kamati. Kamati ikayachunguza mashimo ya barabarani, ikayaona hayana hatia kwa sababu yalikuwapo kabla ya pikipiki. Ikawachunguza ng'ombe wanaovuka ovyo, ikakuta hawana leseni, kwa hiyo hakuna cha kuwanyang'anya. Mwishowe ikagundua jambo moja lililofanana katika ajali zote: hakuna pikipiki hata moja iliyoanguka ikiwa na stika.

Dawa ikawa wazi. Ikatungwa kanuni kwamba kila pikipiki, ya biashara na ya nyumbani, ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu. Itakayofaulu itabandikwa stika kwenye kibao cha namba. Itakayofeli itashindiliwa siku hiyo hiyo na greda la Wizara, mbele ya mwenyewe, ili ajifunze.

Wenye pikipiki wakaingiwa na hofu. Wale wa mji wa Mteremkoni, ulio ubavuni mwa kilima kikali, wakatuma wajumbe kwa Waziri. Kiongozi wao alikuwa mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, kijana aitwaye Kandambili, jina alilopewa kwa sababu pikipiki yake haikuwa na breki na alikuwa akisimama kwa kukanyaga lami na kandambili zake.

"Mheshimiwa, hatukatai kukaguliwa," alisema Kandambili. "Ila hizo taa, vioo na matairi tunavipata wapi kabla ya zamu yetu? Tupewe muda, au bei ya vipuri ipungue."

Waziri alimsikiliza kwa makini akiwa amefumba macho. Kisha akasimama.

"Ndugu zangu, hofu zenu nimezipokea. Nimezikagua. Nimeona hazina taa wala indiketa. Zirudisheni nyumbani mkazitengeneze, mje nazo tena."

Wajumbe walipiga makofi kwa sababu mlangoni kulikuwa na askari aliyekuwa akitazama nani hapigi.

Sasa, pale Mteremkoni aliishi mzee mmoja aitwaye Kilindo, mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya Magereza. Alipostaafu, wenzake walinunua mashamba. Yeye alinunua pikipiki mpya ya buluu, ingawa hakujua kuiendesha. Aliiegesha barazani juu ya vipande viwili vya mkeka, akaifunika shuka, na kila asubuhi akaifunua na kuipangusa kwa kitambaa kile kile alichokuwa akisafishia tarumbeta. Kisha akaiwasha, akapiga honi mara moja, akaizima. Honi ile ilikuwa na sauti safi, ndefu, isiyotetemeka. Ndiyo iliyomfanya aichague dukani, akaziacha nyingine zilizokuwa na injini bora.

Mkewe, Bi. Siwema, alikuwa ameahidiwa. Dada yake aliishi Kwa Mahewa, upande wa pili wa kilima, na katika ndoa yao yote Siwema alikuwa amekwenda huko kwa miguu, au nyuma ya lori la Magereza pamoja na mabunda ya kuni. Mzee Kilindo alimwahidi kwamba atajifunza pole pole, na siku moja atampakia, akae upande na mkoba wake mapajani, wafike Kwa Mahewa kama watu. Tayari alikuwa amejua kuiwasha. Kilichobaki, kwa maelezo yake, ni sehemu ndogo ya kwenda.

Kanuni ilipotangazwa, mzee hakuwa na wasiwasi. Pikipiki yake ndiyo pekee mjini iliyokuwa na kila kitu. Tatizo lilikuwa kwamba mji mzima nao ulilijua hilo.

Wa kwanza kuja alikuwa Kandambili.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

"Baba, nimekuja na shida. Kesho zamu yangu, na chombo changu unakijua. Naomba uniazime cha kwako asubuhi tu. Nafungua kibao changu, nafunga kwako, nakaguliwa, nakurudishia. Hata jasho hakitatoka."

Bi. Siwema aliacha kuchambua mchele. "Kandambili, hiyo unaazima pikipiki au sahani?"

"Mama, tofauti iko wapi? Juzi kwenye arobaini ya marehemu babu si mlituazima masufuria yote na majamvi? Mtaa mzima tukasema hawa ni watu."

Hapo Mzee Kilindo akawa ameshikwa. Katika mji ule mtu aliweza kusamehewa ulevi na uvivu, lakini aliyenyima kuazima chombo cha shughuli alizikwa na watu wachache. Akafunua shuka.

"Angalau ianze yako," Siwema alimwambia mumewe, Kandambili alipokwisha kuondoka. "Kaguliwa kwanza, ndipo uazime."

"Mke wangu, uliona wapi mwenye shughuli anapakua kabla ya wageni? Nitakaguliwa siku ya mwisho."

Mzee aliifuata pikipiki yake hadi kituoni, kama mwenye sufuria anavyokwenda shughulini kuhakikisha halikwanguliwi kwa mwiko wa chuma. Akaketi kwenye benchi la nje, mikono juu ya magoti, akatazama.

Kituo cha ukaguzi kilijengwa kwenye uwanja tambarare kabisa, kwa usalama wa wakaguzi. Kwa sababu hiyo breki hazikupimwa, maana kupima breki kunahitaji mteremko. Zilitazamwa taa, vioo, matairi na rangi, kisha ikaja honi, na hapo ndipo palipoogopwa. Kanuni iliagiza honi ilie bila kukatika muda wote mkaguzi anaposoma jina la Waziri na vyeo vyake vyote, kwa hoja kwamba honi isiyoweza kumstahi Waziri haiwezi kumshtua ng'ombe.

Mkaguzi Mkuu alikuwa Bwana Nyamtundu, mtu mwembamba mwenye suti ya kaki na sauti ya kusoma matangazo ya vifo. Alichukua kadi ya Kandambili, akaitazama pikipiki.

"Kadi inasema nyekundu."

"Imepauka, mkuu."

"Nyekundu ikipauka huwa buluu?"

"Kwa jua la Mteremkoni, ndiyo."

Bwana Nyamtundu alilitazama jua, akaona halikukanusha, akaandika buluu. Kisha akasoma: "Mheshimiwa Balozi Mhandisi Gaudensi Chekanao, Waziri wa Mwendo na Utulivu, Mlezi wa Vyama vya Magurudumu Yote!" Honi ililia kuanzia Mheshimiwa hadi Yote bila kuyumba. Pale kwenye benchi mzee alihisi fahari ya zamani, ya siku za gwaride. Stika ikabandikwa.

Kufikia jioni kijiwe kizima kilikuwa na habari. Kuanzia kesho yake pikipiki ya Mzee Kilindo iliingia kituoni asubuhi na kutoka jioni, ikibadilishwa vibao tu. Ilikaguliwa kwa niaba ya bodaboda, ya mwalimu mkuu, ya paroko, ya msikiti, na ya afisa kilimo ambaye pikipiki yake ilikuwa haina hata injini, ikitumika kuanikia mihogo. Bwana Nyamtundu aliikagua kila mara tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka kitu.

Siku moja Mzee Kilindo alishindwa kujizuia. Akasogea.

"Bwana Mkaguzi, samahani. Hii pikipiki huifahamu kweli?"

Nyamtundu alitazama kulia na kushoto. "Mzee wangu, mwongozo unaniruhusu kuitazama, kuishika na kuisikiliza. Hakuna mahali unaponiruhusu kuikumbuka."

Makao makuu matokeo yalipokewa kwa furaha. Waziri alitangaza redioni kwamba pikipiki zote za Mteremkoni zimefaulu, na kwamba wananchi, kwa mapenzi yao wenyewe na bila kushurutishwa, wamehamia rangi ya buluu, ambayo ni rangi ya utulivu. Miji mingine ikatuma watu Mteremkoni kujifunza siri ya mafanikio. Walijifunza siku ile ile, nao wakaanza kuja na vibao vyao ndani ya vikapu.

Mila ya nchi ile ni kwamba chombo cha kuazima hakirudishwi kitupu. Sahani hurudi na maandazi, sufuria hurudi na kipande cha nyama. Waazimaji wa pikipiki walikuwa na adabu zao, nao waliitunza mila. Ilirudi na fungu la mchicha limefungwa kwenye usukani, siku nyingine papai juu ya kiti, siku nyingine kuku hai kwenye keria, amekaa kama abiria. Bi. Siwema hakununua mboga kwa muda wote wa ukaguzi.

Lakini ilikuwa pia ikirudi na mambo mengine. Asubuhi moja mzee alikuta kioo cha kushoto kina picha ya timu ya mpira ambayo yeye hakuishabikia hata siku moja. Siku nyingine tairi la nyuma lilikuwa limezeeka ghafla. Taa ya mbele ilianza kutazama juu, kama mtu anayekumbuka deni. Akairudishia shuka. Kukikagua chombo mbele ya mtu aliyekuletea papai ni utovu wa adabu.

"Wanakubadilishia vitu, mume wangu," Siwema alisema, akiwa amepiga magoti nyuma ya pikipiki. "Hiki kiti si chetu. Chetu hakikuwa na kiraka cha gunia."

"Wewe kula papai."

Kilichomuuma ni honi. Asubuhi baada ya Kandambili kuiazima mara ya pili, safari hii kwa ajili ya pikipiki ya shemeji yake, mzee aliipiga kama kawaida. Ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Alimfuata kijiweni.

"Mwanangu, honi yangu imebadilika sauti."

"Ni ubaridi wa asubuhi, baba," alisema Kandambili bila kupepesa. "Ikipata joto itakaa sawa."

"Mimi nimepuliza tarumbeta miaka yangu yote. Baridi haibadilishi noti kiasi kile."

"Hiyo ni tarumbeta, baba. Hii ni ya Kichina."

Kijiwe kizima kikacheka, na mzee naye akacheka kidogo kwa heshima. Akarudi nyumbani akijipa moyo kwamba mbuzi mwenye mafua, akijitahidi, anaweza kufika hadi Magurudumu Yote.

Siku ya mwisho ikafika. Mzee Kilindo alivaa koti lake la bendi, akafunga kibao chake mwenyewe, akaisukuma pikipiki hadi kituoni kwa mkono, kwa kuwa ile sehemu ndogo ya kwenda bado ilikuwa imembakia. Bi. Siwema alikuja nyuma na mkoba wake. Walikuwa wamepanga kutoka kituoni moja kwa moja kwenda Kwa Mahewa, Kandambili akiwaendesha mmoja mmoja ikibidi.

Bwana Nyamtundu alitazama taa iliyotazama mbingu, akaipitisha. Alitazama tairi, akapitisha. Vioo akavipitisha viwili, ingawa kimoja kilikuwa cha kunyolea ndevu. Halafu akafungua bahasha mpya kutoka Wizarani, akakohoa.

"Kuna nyongeza," alisema kwa sauti ya chini. "Jana Mheshimiwa ametunukiwa."

Akaanza kusoma. Mzee akabonyeza. Honi ikalia, meee, ikapita Balozi, ikapita Mhandisi, ikajikaza hadi Waziri wa Mwendo na Utulivu. Ikafika Magurudumu Yote ikiwa inahema. Nyamtundu akaendelea: "Daktari wa Heshima wa Falsafa ya Barabara..."

Honi ikafa.

Ndipo Mzee Kilindo, bila kufikiri, akabana midomo kama alivyozoea mbele ya tarumbeta, akaitoa noti ile ile ya zamani kifuani mwake, safi, ndefu, isiyotetemeka. Nyamtundu akajikuta anasoma: "...Chifu Mwalikwa wa Koo Zote za Kusini, na Nahodha wa Heshima wa Timu ya Taifa ya Bao!" Sauti ilifika mwisho na ikabaki na akiba.

Watu wakashangilia. Mkaguzi akafuta jasho.

"Sauti imefaulu, mzee wangu, na nimeiandika. Lakini mwongozo unataka honi iwe imefungwa kwa nati kwenye usukani. Wewe hujafungwa."

"Bwana Mkaguzi, hii pikipiki imefaulu hapa mbele yako tangu siku ya kwanza!"

"Kwa namba ipi?"

Mzee akafungua mdomo, akawatazama waliopanga foleni na wale waliokwisha kubandikwa stika, walioshika vikapu na kuku wa shukrani. Ilibidi ataje namba ya jirani, au anyamaze. Alinyamaza.

Greda liliitwa. Na kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa pikipiki ya kwanza kufeli katika nchi nzima, Waziri alikuja mwenyewe kwa ndege ndogo. Maadui wa maendeleo walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ukaguzi ambao hauna anayefeli una walakini.

"Ndugu wananchi!" alisema akiwa juu ya greda. "Leo tumelikamata jinamizi la barabarani! Chombo hiki kibovu kimekuwa kikipita katikati yenu! Je, mlikijua?"

"Hatukukijua!" waliitikia wote, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya afisa kilimo.

Kabla ya kushindilia, fundi wa Wizara alifungua kibao cha namba kwa uangalifu, akakipangusa na kumkabidhi mzee. Kibao kilikuwa mali ya Serikali na hakikuruhusiwa kuumia. Kisha greda likapita, likarudi, likapita tena. Bi. Siwema alimshika mumewe mkono. Kandambili alilia hadi ikabidi ashikiliwe, kwa maana baada ya miezi mitatu stika zingekwisha muda, na sasa taifa lilikuwa halina pikipiki.

Wasiwasi huo ulifika Wizarani nao. Wataalamu walikokotoa wakaona kwamba, kwa mwenendo huo, nchi ingeanguka kutoka kufaulu kwa wote hadi kufeli kwa wote kwa siku moja, jambo ambalo lingemtia aibu Nahodha wa Heshima. Suluhisho lilipatikana upesi. Wizara ilinunua pikipiki mpya ya buluu, ikaipigilia kwenye sakafu ya saruji ndani ya kituo, ikaiwekea honi inayotumia umeme wa gridi. Kuanzia hapo mwananchi hakulazimika kuja na chombo. Alileta kibao tu. Foleni ikapungua, na wageni kutoka nchi jirani wakaja kupiga picha.

Tarehe ilipofika, Mzee Kilindo alipokea wito kama wengine. Kibao chake kilikuwa hai kwenye rejista, na kibao kilicho hai lazima kikaguliwe. Akakipeleka. Nyamtundu akakifunga, akasoma vyeo, ambavyo sasa vilihitaji glasi ya maji katikati, umeme ukalia hadi mwisho.

"Hongera, mzee wangu," alisema akibandika stika. "Chombo chako ni salama."

"Kipo wapi?"

"Hilo silikagui."

Asubuhi ya Jumapili, Mzee Kilindo alimwambia mkewe avae. Walivaa kofia ngumu zote mbili, zile alizozinunua pamoja na pikipiki, kwa kuwa kanuni ya kofia ilikuwa kali kuliko zote. Alijifunga kibao mgongoni kwa kamba ya katani. Siwema akachukua mkoba wake.

"Tunakwenda Kwa Mahewa?"

"Si nilikuahidi?"

"Hivi hivi?"

"Tumekaguliwa, mke wangu."

Wakaupanda mlima kwa miguu, mdogo mdogo, wakishika kushoto. Karibu na kilele palikuwa na kizuizi cha polisi. Askari aliinua mkono.

"Simama hapo! Geuka." Akaisoma stika, akaigusa kwa kidole. "Iko sawa. Honi?"

Mzee akabana midomo, akapiga. Askari akanyoosha mgongo, karibu apige saluti.

"Safi sana. Na abiria ana kofia. Mzee, ningependa wote wawe kama wewe. Pita."

Walikuwa wamepiga hatua chache kupita kizuizi waliposikia, kutoka juu kwenye kona, sauti nyingine ikija kwa kasi. Ilikuwa ndefu, safi, isiyotetemeka. Mzee Kilindo aliganda. Aliijua noti ile kabla hajakiona kilichoibeba. Akamvuta Siwema, wakaangukia kwenye majani ya kando, na Kandambili akapita mahali walipokuwa, kandambili zote mbili zikitoa moshi kwenye lami, mdomo wazi, kidole kimeng'ang'ania honi. Aliling'oa gogo la kizuizi, akavuka mtaro, akaingia kwenye shamba la mahindi la afisa kilimo na kutokomea. Honi iliendelea kulia humo ndani ya mahindi, bila kuyumba.

Askari alikimbia hadi shambani. Baada ya muda alirudi na kibao cha namba mkononi.

"Yuko mzima?" aliuliza mzee, akimpangusa mkewe vumbi.

"Amevunjika mguu. Anasema samahani, baba, na anauliza kama utaitaka honi yako." Askari alikigeuza kibao kwenye mwanga, akaitazama stika kwa makini, uso ukamlegea kwa nafuu. "Ila afadhali. Nilidhani ni ajali."